Kakao Ndiyo Inayolipa Mishahara ya Matema

Siku chache kabla ya Krismasi, barabara ya lami ya Kikusya–Ipinda–Matema hufurika magari kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kosta zilizobeba kwaya, Noah zilizojaa wanachuo, magari ya familia kutoka Mbeya, Tukuyu na Tunduma, yote huteremka kuelekea ufukwe wa Ziwa Nyasa. Kwa wiki mbili hivi kila mwenye mikono miwili Matema anatakiwa. Gesti huongeza wapishi na wafua mashuka. Wahudumu huitwa kwa simu usiku waanze kazi alfajiri. Wenye mitumbwi huvusha wageni kwenda Ikombe kuwaona wafinyanzi wa Kikisi, vijana wanaovijua vijia vya Milima ya Livingstone huwapandisha wageni mlimani, na bodaboda wa Ipyana na Kyela mjini hupiga safari hadi usiku wa manane. Ikifika katikati ya Januari, simu zinanyamaza.

Hakuna anayefukuzwa, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa. Mtu huambiwa tu "tutakuita", naye hurudi shambani bila barua, bila hesabu ya siku alizofanya kazi na bila shilingi yoyote iliyowekwa kwa ajili ya uzee wake. Pasaka ikikaribia ataitwa tena. Ikitokea mvua imekata barabara, hataitwa.

Katika mikutano ya wadau wa utalii watu hawa husifiwa kuwa ni wastahimilivu, na sifa hiyo wanaistahili. Linaloachwa bila kujibiwa ni swali la nani anayeulipia ustahimilivu huo. Ukiifuata hesabu hadi mwisho, unamkuta mke aliyeinama kwenye majaruba ya mpunga, unamkuta bibi mwenye miti michache ya kakao nyuma ya nyumba, unamkuta kaka anayevua usipa usiku. Hao ndio wanaomlisha mhudumu wa gesti katika miezi ambayo gesti haimhitaji. Utalii wa mwambao huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa unadhaminiwa na mashamba ya familia, na wadhamini hao hawamo kwenye hotuba wala kwenye bajeti.

Ili kuelewa kwa nini kazi hapa hukatikakatika, yafaa kuanza na ardhi yenyewe. Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Matema iko pale tambarare ya Kyela inapokutana na ukuta wa Milima ya Livingstone, milima inayopanda kutoka majini hadi zaidi ya mita 2,000. Nyuma ya ukuta huo kuna uwanda wa Kitulo, wenye mita zipatazo 2,600 na baridi ya kukausha vidole. Upande wa kaskazini unasimama Mlima Rungwe, mita 2,960. Kwa mtalii anayependa kutembea, ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo anaweza kulala kwenye baridi ya nyanda za juu leo, kisha kesho akateremka kwa miguu hadi kwenye mchanga wa ziwa na joto la minazi.

Mandhari hiyohiyo ndiyo inayovuruga kalenda ya kazi. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania. Mvua za Machi hadi Mei hujaza mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, na mafuriko ya Aprili hayamshangazi tena mtu yeyote. Mvua zikiisha, kuanzia Juni, anga hufunguka na wageni wa kigeni huanza kuonekana. Lakini huo pia ndio wakati wa upepo wa mwera, unaovuma kutoka kusini na kulitibua ziwa kiasi cha mitumbwi kulazimika kubaki nchi kavu. Siku ambayo mtumbwi haukwenda Ikombe, mpiga kasia hapati kitu na mfinyanzi wa Ikombe hauzi kitu. Hasara hiyo hailipwi na bima wala na mwenye gesti. Inamwangukia aliyeamka alfajiri akayatazama mawimbi.

Watu wa hapa walikwisha kujipanga. Maisha yao yamekaa juu ya mafiga matatu: mpunga, kakao na ziwa. Mchele wa Kyela una jina nchi nzima. Kakao imekuwa zao kuu la biashara, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela na maeneo jirani ya mkoa wa Mbeya, ikiuzwa kupitia vyama vya msingi na mnada wa stakabadhi ghalani. Ziwani kuna usipa na mbasa. Utalii ulipoingia ulikuta watu wenye desturi ya kutotegemea chanzo kimoja, ukaitumia desturi hiyo kwa manufaa yake.

Mwenye nyumba ya wageni anajua kwamba akimlipa mhudumu wake kwa wiki sita tu za mwaka, mhudumu huyo hatakufa njaa. Ana shamba. Kwa hiyo mshahara hauhitaji kutosha mwaka mzima. Hauhitaji kutosha hata mwezi. Unahitaji tu kuzidi kidogo kile ambacho angepata siku hiyo shambani. Shamba linageuka kuwa ruzuku ya gesti, na ruzuku hiyo inatolewa na watu maskini kuliko wanaoipokea.

Mpango huu si mpya kwa Wanyakyusa. Katika karne iliyopita maelfu ya vijana kutoka Rungwe na Kyela walikwenda kufanya kazi kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwenye migodi ya Afrika Kusini kupitia wakala wa uandikishaji aliyejulikana kwa jina la WENELA. Walikwenda kwa mkataba, wakarudi, wakaenda tena. Mgodi ulimlipa kijana ujira wa mtu mmoja asiye na familia, kwa sababu mke, watoto na wazee walikuwa nyumbani wakijilisha kwa mpunga na ndizi. Mwaka 1972 mwanasosholojia wa Afrika Kusini, Harold Wolpe, aliandika uchambuzi uliopata umaarufu mkubwa akionyesha jinsi uchumi wa migodi ulivyonufaika na hali hiyo: shamba la kijijini lilimlea mfanyakazi utotoni, likampokea akiugua, likamzika akifa, na mwajiri hakuchangia hata senti. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali mpya haikukubali kuendelea kuwapeleka vijana wake kwenye migodi ya makaburu. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mgodi umeondoka lakini hesabu imebaki. Siku hizi mwajiri yupo palepale kijijini, na mfanyakazi hahitaji kupanda ndege. Anapanda bodaboda.

Wapo watakaosema kwamba kulinganisha gesti ya vyumba kumi na mgodi wa dhahabu ni kuonea. Wana haki kuhusu ukubwa: mwenye gesti hawezi kutajirika kama kampuni ya madini, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa mchele aliyejenga kwa kudunduliza. Mfumo wa kugawa hasara, hata hivyo, ni uleule. Msimu ukiwa mzuri, faida inagawanywa kwa kiwango anachoamua mwenye nyumba. Msimu ukiwa mbaya, hasara ya kukosa kazi inabebwa yote na mhudumu.

Shamba nalo si ngao ya kutumainiwa daima. Bei ya kakao ni ushahidi wa karibu. Machi 2024 bei ya soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza katika historia, baada ya mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire kuanguka, na Desemba mwaka huohuo ikavuka 12,000. Kyela ilisherehekea: nyumba zilipauliwa upya, pikipiki zikanunuliwa. Kabla ya mwaka 2025 kuisha, bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Anayedhani kwamba mhudumu wa Matema ana mahali salama pa kukimbilia anasahau kwamba bei ya mahali hapo huamuliwa London na New York.

Na wapo wasio na shamba la kukimbilia. Wakisi wa Ikombe na vijiji vinavyofuata ukingo wa ziwa kuelekea Ludewa wanaishi mahali ambapo mlima unaingia moja kwa moja majini. Ardhi ya kulima ni ukanda mwembamba na miteremko ya mihogo. Ndiyo maana tangu enzi za mababu wanawake wa Kikisi wamekuwa wakifinyanga vyungu na kuvibadilisha kwa chakula cha Wanyakyusa wa tambarare. Vyungu vyao, vyembamba na vyenye mapambo ya udongo mweupe na mwekundu, bado huvushwa kwa mitumbwi hadi gulio la Jumamosi pale Lyulilo, kisha vikasafiri hadi Mbeya na kuvuka mpaka kwenda Malawi.

Mtalii anapofika Ikombe hukaribishwa kama mtazamaji. Anaona udongo ukikandwa, anaona chungu kikiinuka mikononi, anapiga picha nyingi, ananunua kibakuli kidogo kinachoingia kwenye begi. Mfinyanzi amefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ametengeneza chombo, na ameonyesha namna kinavyotengenezwa. Analipwa kwa chombo peke yake. Onyesho limeuzwa na mtu mwingine, yule aliyepanga safari na kuchukua nauli na ada. Mama huyo hatajwi popote kuwa mfanyakazi wa utalii, ilhali bila yeye safari ya Ikombe ingekuwa ni kupanda mtumbwi tu na kurudi.

Mfano mwingine wa kazi isiyohesabiwa unatoka msituni. Mwaka 2005 dunia ya sayansi ilitangaziwa kwamba kima asiyejulikana amepatikana kwenye Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone. Mwaka uliofuata alionekana kuwa wa aina ya pekee kiasi cha kupewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina lake la kawaida, kipunji, halikutungwa maabara. Watafiti walilisikia kwanza kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa waliowasimulia habari za mnyama mwenye haya anayekaa juu ya miti. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yanayomvutia mgeni mwenye fedha na darubini. Anayeyatoa hulipwa posho ya siku.

Kwa picha ya mahali ambapo njia hii hufikia ikiachwa ijiendee yenyewe, mtu aende Kilimanjaro. Utafiti wa taasisi ya ODI ya Uingereza uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba mlima huo ulikuwa na waongozaji wapatao 400, wapishi 500 na wapagazi 10,000. Wapandaji walikuwa 35,000 kwa mwaka, wakiacha nchini karibu dola milioni 50, na asilimia 28 ya fedha hizo iliwafikia watu wa kipato cha chini. Watafiti waliona kwamba kiwango hicho ni kikubwa kuliko katika safari za kutazama wanyama, ambako ilikuwa asilimia 18. Sababu yake ni rahisi: mlima haupandwi kwa gari. Kila gunia la chakula na kila hema linabebwa na binadamu, na kila binadamu lazima apewe kitu.

Kwa hiyo utalii wa mlima una neema yake, na Kyela haina sababu ya kuukimbia. Swali ni masharti yake. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na jina hilo linaeleza mengi kuhusu walivyoizoea kazi. Kwa miaka mingi malalamiko yao yamekuwa yaleyale: ujira wa siku ulio chini ya kiwango kilichopendekezwa, mizigo inayozidi kilo 20 zinazoruhusiwa, mahema mabovu, mlo mmoja kwa siku, na tipu inayopitia mikono ya wengine kabla ya kumfikia aliyebeba. Mradi wa KPAP ulianza mwaka 2003 kuwasaidia, kwanza kwa mavazi ya baridi ya kuazima, kisha kwa kufuatilia kampuni moja baada ya nyingine ili zionekane zinazolipa vizuri na zisizolipa. Vyama vya wapagazi vilianzishwa. Mabadiliko yametokea, lakini yametokea zaidi katika kampuni zilizokubali kukaguliwa.

Mpagazi wa Kilimanjaro ana udhaifu mmoja ambao mwenzake wa Matema hajaufikia. Vihamba vya Wachaga vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi vingine havitoshi hata nyumba ya mtoto wa mwisho. Wengi wanaobeba mizigo siku hizi ni vijana wa mijini, Moshi na Arusha, wasio na pa kulima. Corona ilipofika mwaka 2020, idadi ya watalii walioingia Tanzania ilianguka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000, na wagumu wakabaki bila mlima, bila mshahara na bila shamba. Idadi ya watalii imerudi na kupita milioni 2 mwaka 2024. Mfuko wa kuwakinga wagumu dhidi ya pigo lijalo haujaundwa.

Nchi nyingine zenye milima zilijifunza kwa njia ngumu. Tarehe 18 Aprili 2014 theluji iliporomoka kwenye Mlima Everest ikaua wafanyakazi 16 wa Kinepali, wengi wao Masherpa. Serikali ya Nepal ilipotangaza kuzipa familia fidia ya awali ya takribani dola 400, wenzao waliobaki walikataa kupanda na msimu ukafungwa. Ndipo kiwango cha bima ya lazima kikapandishwa. Peru, kwa upande wake, ilitunga sheria ya wapagazi mwaka 2001 ikaweka kikomo cha kilo 20 kwenye njia ya Wainka kuelekea Machu Picchu. Waliobashiri kwamba watalii watakimbia hawakuona hilo likitokea: vibali vya njia hiyo, ambavyo kwa siku havizidi 500 pamoja na wafanyakazi, bado hugombewa miezi kadhaa kabla. Na hapo ng'ambo ya Nyasa, Malawi imekuwa ikiandaa mbio za wapagazi wa Mlima Mulanje tangu 1996, ikiwageuza watu waliokuwa wakipita kimya na mizigo ya wengine kuwa wanariadha wanaoshangiliwa kwa majina yao.

Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, siku 84 za uzazi na kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake hutolewa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. NSSF inapokea hata waliojiajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tatizo ni kwamba milango ya sheria hizi imejengwa kwa kimo cha mtu mwenye ajira ya kudumu. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa mfano, haumhusu mwenye chini ya miezi sita kazini. Kwa mhudumu anayeitwa wiki mbili Krismasi, wiki moja Pasaka na siku tatu Nanenane, miezi sita huchukua miaka mingi kutimia hata akihudumia vyumba vilevile.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, kuongoza watalii ikiwa mojawapo. Vijana wengi wa kaskazini mwa nchi waliipokea kwa furaha. Matema haikubadilika kwa lolote, kwa kuwa hapa kijana wa kijijini hanyang'anywi kazi na mgeni kutoka nje ya nchi. Anaikosa kwa sababu kundi la watalii linafika na mwongozaji wake kutoka mjini, mwenye leseni na Kiingereza, naye mwenyeji anabaki kuwa wa kuonyesha njia na kubeba maji. Leseni hutaka mafunzo, mafunzo hutaka ada na muda wa kuishi mbali na nyumbani. Anayeijua milima kwa nyayo zake anashindwa kwenye karatasi.

Serikali nayo imeitazama kusini kwa jicho la mbali. Mradi wa REGROW, uliopata mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia mwaka 2017, ulikusudiwa kuamsha utalii wa kusini, lakini vipaumbele vyake vilikuwa hifadhi nne: Mikumi, Udzungwa, Ruaha na ile inayoitwa sasa Nyerere. Kitulo, Rungwe na Matema hazikuwamo. Mradi huo nao ulisimamishwa Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi wanaopakana na Ruaha kuhusu kuondolewa na kuteswa, na Novemba mwaka huohuo ukafutwa. Somo lake kwa Kyela ni kwamba fedha kubwa isiyoanza na haki za wenyeji inaweza kuyeyuka kabla haijafika, na kuacha uchungu nyuma yake.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri mkopo wa mtu.

La kwanza ni kuziunganisha kalenda. Maua ya Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 ikiwa na aina zipatazo 350 za mimea na okidi 45 za ardhini, huchanua Novemba hadi Aprili. Ufukwe wa Matema hupendeza Juni hadi Oktoba. Ziwa Ngosi na Mlima Rungwe hupandika vizuri zaidi wakati wa kiangazi. Maeneo haya yako ndani ya safari ya siku moja au mbili, lakini kila moja huajiri vibarua wake na kuwaacha kwa wakati wake. Chama kimoja cha waongozaji, wapishi na wabeba mizigo wa Kyela, Rungwe na Makete kingeweza kuwahamisha watu kutoka mlimani hadi ziwani kadiri msimu unavyogeuka. Kazi ya wiki sita ingekuwa ya miezi minane.

La pili ni zamu na bei zinazojulikana. Wavuvi wa ziwa hili wanavijua vikundi vya ulinzi wa rasilimali, BMU, na wanajua kuendesha daftari. Utaratibu huohuo unaweza kutumika kwa mitumbwi ya wageni: orodha ya waliosajiliwa, zamu ya kila siku, nauli iliyobandikwa ubaoni, jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na sehemu ndogo ya kila nauli ikiingia kwenye mfuko wa siku za mwera. Ada ya kutazama ufinyanzi Ikombe itajwe peke yake na iende kwa wafinyanzi. Halmashauri zimewekewa wajibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wafinyanzi kinafaa kupewa nafasi ya mbele katika foleni hiyo.

La tatu linawahusu wenye gesti. Hawawezi kulipa mishahara ya mwaka mzima kwa vyumba vilivyo tupu, na hakuna haja ya kuwalazimisha. Wanachoweza ni kuandika. Karatasi moja yenye jina la mhudumu, ujira wa siku, saa za kazi na idadi ya siku alizofanya, ikijumlishwa mwaka hadi mwaka, humpa ushahidi wa utumishi wake. Mchango wa NSSF ukatwe kwa siku zilizofanywa, hata zikiwa ishirini. WCF ilipiwe, ili mpishi akiungua kwa mafuta ya kukaangia samaki, au mbeba mizigo akivunjika mguu kwenye mteremko, familia isiuze ng'ombe kumtibu. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela inaweza kudai uthibitisho wa michango hii miwili kila leseni ya biashara inapohuishwa.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu la heshima: kwamba wenyeji wenyewe hawataki ajira ya kudumu, wanapenda uhuru wa kwenda shambani mpunga unapoiva. Ni kweli kwa wengi, na ni busara yao. Lakini kutaka kuvuna mpunga wako mwezi Juni hakumaanishi kukubali kuungua jikoni Desemba bila fidia. Mtu anaweza kuwa mkulima na bado akawa mfanyakazi mwenye haki zote kwa siku alizofanya kazi.

Kyela bado ina muda. Utalii wake ni mdogo, hoteli kubwa hazijafika, ardhi ya ufukweni haijauzwa yote, na vijana wengi bado wana pa kulima. Kanuni ni rahisi kuziweka kabla wenye mitaji mikubwa hawajazoea kufanya kazi bila kanuni, kuliko kuziweka baada ya miongo kadhaa, kama Kilimanjaro inavyohangaika kufanya sasa. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1. Madiwani wa Matema, Ipyana na kata nyingine za wilaya wana nafasi ya kuliweka suala la vibarua wa utalii mezani bajeti inapoandaliwa, na wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza kama wamefanya hivyo. Na msomaji anayepanga kuteremka Matema Pasaka ijayo, kabla ya kulipia chumba, amuulize mwenye nyumba kama anayetandika vitanda ana mkataba na kama mpishi amelipiwa fidia. Mwenye gesti akiulizwa hivyo na wageni kumi katika msimu mmoja, atatafuta karatasi na kalamu kabla afisa kazi hajafika.